Maswali ya Wasomaji: Wazee Wanapotaka Kwenda Kilwa kwa Basi

Barua nyingi zilizotufikia tangu mvua zikatike zinatoka kwa wastaafu wa Mtwara na Lindi wanaopanga kusafiri pamoja kwa basi la kukodi. Nimechagua nne, na ninaanza na ile iliyouliza mengi, kwa kuwa jibu lake linawagusa hata wale ambao barua zao zimekosa nafasi.

SWALI: Ndugu Mwandishi, sisi ni klabu ya wastaafu hapa Mtwara mjini, wengi wetu tukiwa walimu, wauguzi na waliofanya kazi bandarini. Tuko ishirini na saba. Mdogo wetu ana miaka 58 na mkubwa ana miaka 79. Kwa muda mrefu tumekuwa tukikutana Jumamosi kucheza bao, kunywa kahawa na kupanga namna ya kusaidiana katika misiba, hadi mwenzetu mmoja akauliza kwa nini tunachangishana kwa ajili ya kuzikana tu. Basi mwaka huu tumechanga shilingi 180,000 kila mmoja, jumla shilingi 4,860,000, ili tukodi Kosta kwa siku tatu. Siku ya kwanza twende Mikindani, Lindi na Tendaguru alikotoka yule mjusi mkubwa wa kale, dinosaria. Siku ya pili Kilwa Masoko, Kilwa Kisiwani na Songo Mnara. Siku ya tatu Kilwa Kivinje, kisha turudi kwa kupitia Masasi tukazuru kaburi la Mzee Mkapa kule Lupaso. Je, ratiba hii inafaa, na twende mwezi gani?
*Katibu wa klabu, Ligula, Mtwara*

JIBU: Shikamoo, Ndugu Katibu, na shikamoo zangu ziwafikie wazee wote wa Ligula. Ratiba yenu nimeisoma mara mbili, na mara zote mbili nilichoka kabla basi halijafika Mingoyo. Mmepanga kufika mahali panane kwa siku tatu. Vijana wanaopiga picha na kuondoka wangeiweza, lakini katika kikundi chenye mtu wa miaka 79 hesabu ya kwanza ni mara ngapi watu watashuka na kupanda gari. Kila kituo cha watu ishirini na saba, pamoja na kunyoosha magoti, kutafuta choo, kuagiza chai, kulipa chai na kuhesabiana kabla ya kuondoka, hakipungui dakika arobaini, hata kama kwenye karatasi mmekiandikia dakika kumi.

Kwa hiyo ninawaomba mfute mahali patatu, na nitaeleza sababu ya kila pamoja.

Lupaso iko upande wa Masasi, mbali kabisa na barabara ya kurudi kutoka Kilwa, na mkiilazimisha mtaingia Mtwara usiku wa manane mkiwa hamjaiona vizuri. Mzee Mkapa alizikwa huko mwezi Julai 2020, na anastahili safari yake peke yake: mtoke Mtwara kwa njia ya Mnazi Mmoja, mpumzike Ndanda penye misheni ya Wabenediktini iliyoanza mwaka 1906, mlale Masasi, siku ya pili mwende Lupaso, kisha mkaangalie bonde la Ruvuma kutoka Shimo la Mungu kule Newala. Hiyo iwe safari ya mwakani.

Songo Mnara ni magofu mazuri, na pamoja na Kilwa Kisiwani yamo katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO tangu mwaka 1981. Hata hivyo, safari yake ya boti ni ndefu zaidi, na kushuka huko ni kushuka majini. Anayetembelea mkongojo asishawishiwe.

Tendaguru ndiyo inayoniuma kuifuta, kwa sababu ni hadithi kubwa kuliko zote mlizoziorodhesha. Lakini mkifika pale, kwa barabara ya vumbi ambayo Kosta yenu itaijutia, mtakuta kilima na nyasi. Mifupa yenyewe iko katika jumba la makumbusho kule Berlin, Ujerumani. Ilionwa mwaka 1906 na mhandisi wa Kijerumani aitwaye Sattler, na kati ya mwaka 1909 na 1913 Wajerumani waliichimbua kwa mikono ya mamia ya watu wa kwetu, wakiongozwa na msimamizi hodari aliyeitwa Boheti bin Amrani. Zaidi ya tani mia mbili zilibebwa kichwani na mabegani, mwendo wa siku nne kwa miguu, hadi bandari ya Lindi. Mjusi mrefu kuliko wote katika jumba lile la makumbusho anazidi mita 13 kwenda juu, na mwingine wa jamii hiyo alipewa jina la Boheti mwaka 2007, karibu karne moja baadaye. Ninashauri mwalimu wa historia miongoni mwenu asimame ndani ya basi mtakapokuwa mnavuka Mto Mbwemkuru, njiani kuelekea Kilwa, kwa kuwa kilima cha Tendaguru kiko katika bonde la mto huohuo, awasimulie habari hiyo kwa dakika ishirini. Mtakuwa mmeizuru Tendaguru bila kuvunja springi.

Kinachobaki ni safari ya siku nne na kulala mara tatu. Siku ya kwanza tokeni Mtwara saa mbili asubuhi, msitoke alfajiri. Mikindani iko kilomita kumi hivi tu, lakini msiipite kwa sababu mmeizoea. Wengi wetu tumepita mbele ya lile Boma la mwaka 1895 maisha yetu yote bila kupanda ngazi zake, ingawa limekarabatiwa na kuwa hoteli ambayo mtu anaweza kuagiza kahawa akaiangalia ghuba. Ni kutoka Mikindani ambako Livingstone alianza, mwaka 1866, safari ambayo hakurudi nayo hai. Baada ya hapo mnakwenda Lindi, kama saa mbili za barabarani, mnakula, mnalala mchana kama watu wazima wanavyostahili, na jioni mnashuka ufukweni. Msiongeze kitu kingine siku hiyo.

Siku ya pili ni ya barabara: Lindi hadi Nangurukuru, kisha mnakata kulia kuingia Kilwa Masoko. Kwa mwendo halali na vituo viwili, mpange saa nne na zaidi. Mkifika, viongozi wawili wakashughulikie vibali vya kuingia kwenye magofu huku wengine wakioga. Kila mwanachama abebe kitambulisho cha taifa, kwa sababu kiingilio cha raia ni tofauti na cha mgeni, na uso wa mzee peke yake hautakubaliwa kuwa ushahidi.

Siku ya tatu ndiyo ya Kisiwani, na hapa nitakaa kidogo.

Miaka kadhaa iliyopita niliongozana na kikundi cha wastaafu kutoka mkoa mwingine. Kila kitu kilikuwa kimepangwa isipokuwa bahari. Tulivuka saa nne asubuhi, siku ya pili baada ya mwezi mpevu, na maji yakatukimbia. Mashua iligota mchangani hatua zaidi ya mia moja kabla ya kisiwa, na nahodha akasema kwa upole kwamba ama tusubiri hadi alasiri ama tushuke. Tulishuka. Bibi mmoja aliacha kiatu cha kushoto kwenye tope na hatukukiona tena. Hakimu mmoja mstaafu, mtu mzito wa mwili na wa heshima, alibebwa mgongoni na kijana wa kisiwani, na njia nzima alishikilia mwavuli wake ukiwa wazi ili kivuli kiwafunike wote wawili. Kijana yule alicheka hadi magoti yakalegea. Sisi wengine tulicheka pia, lakini mimi nilicheka kwa hofu.

Kosa lilikuwa letu, kwa maana kila mvuvi analijua jambo hili. Katika pwani yetu, siku za bamvua, yaani mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, kupwa na kujaa hupishana kwa zaidi ya mita tatu, na maji hupwa kabisa kati ya saa nne na saa tano asubuhi, wakati uleule ambao wageni hupenda kuvuka. Siku za maji mafu mambo hugeuka: maji hayaendi mbali, na saa hizo za asubuhi huwa yamejaa. Basi chukueni kalenda ya Kiislamu, mtafute tarehe 9 au 10, au tarehe 23 au 24 ya mwezi wa kuandama, na siku ya Kisiwani iangukie hapo. Tarehe ya kukodi basi ihesabiwe kutokea siku hiyo kwenda nyuma. Kabla ya kulipa, mwulizeni pia nahodha wa Masoko, ambaye jibu lake ni bora kuliko langu.

Mkivuka saa mbili na nusu mtakuwa kisiwani kabla jua halijawa kali, kwa kuwa mlango wa bahari pale ni mwembamba na boti ya mashine huumaliza kwa chini ya nusu saa. Ngome iitwayo Gereza iko karibu na mnaposhukia: Wareno walijenga ngome hapo walipoiteka Kilwa mwaka 1505, na jengo linaloonekana sasa ni kazi ya Waomani waliokuja baadaye. Kutoka hapo mnakwenda taratibu hadi Msikiti Mkuu, ambao sehemu yake ya kale ni ya karne ya 11 na ile yenye kuba na matao iliongezwa baadaye. Wekeni viti vya kukunja chini ya kivuli cha matao yale, kwa sababu msikiti ule hauonekani kwa kupita. Mtu akikaa kimya robo saa ndipo macho yanapozoea kivuli, nguzo zikaanza kujipanga moja nyuma ya nyingine, na akatambua kwamba mawe anayoyaangalia ni matumbawe yaliyochongwa kutoka bahari ileile aliyoivuka asubuhi.

Ibn Battuta, yule msafiri maarufu kutoka Moroko, alifika hapa mwaka 1331, wakati wa Sultani al-Hasan bin Sulaiman, aliyeitwa Abu al-Mawahib, yaani baba wa vipawa, kwa ukarimu wake. Sultani huyo ndiye anayehusishwa na jumba la Husuni Kubwa, lililojengwa ukingoni juu ya bahari na lenye birika la pembe nane. Mwalimu wenu wa historia atataka kila mtu afike huko. Mnyamazisheni. Ni mwendo wa miguu juani, kwenda na kurudi, na wanaoweza watakuwa kumi au kumi na wawili. Wengine wabaki kijijini wakipata madafu, na wasionyeshwe kwamba wamekosa kitu. Kwa saa sita mchana wote wawe wamerudi botini, kabla upepo wa alasiri haujaamka.

Siku ya nne, Kilwa Kivinje. Mji huo uko pembeni kidogo ya barabara, na ndiko misafara ya watumwa na pembe za ndovu kutoka upande wa Ziwa Nyasa ilikoishia katika karne ya 19. Nyumba zake za zamani zinaanguka polepole, jambo ambalo linasikitisha, lakini linaufanya mji uonekane kama ulivyo, bila kupambwa kwa ajili ya wageni. Hapo ndipo Wajerumani walipomnyonga Hassan bin Omari Makunganya, aliyeongoza mapambano dhidi yao, mwaka 1895, na mti wa Mwembe Kinyonga bado unatajwa na wenyeji kwa sauti ya chini. Mkitoka Kivinje saa nne, mtafika Mtwara kabla ya Magharibi.

Kuhusu mwezi: kusini tuna msimu mmoja wa mvua, kuanzia Novemba au Desemba hadi Aprili, na hata Mei si salama, kwani mwanzoni mwa Mei 2024 kimbunga Hidaya kilisomba madaraja katika Wilaya ya Kilwa na barabara ikafungwa. Juni hadi Agosti ni pakavu na pana baridi nzuri, lakini kusi huvuma kwa nguvu baharini. Mimi ningechagua katikati ya Septemba hadi mwanzoni mwa Oktoba, kusi linapolegea, mabibo yanapoanza kuiva, na kabla minada ya korosho haijajaza nyumba za wageni.

Siku ya nne mnayoongeza inaleta gharama ya usiku mmoja zaidi. Kwa hiyo laleni wawili wawili chumbani, na kama fedha bado hazitoshi, ongezeni mchango sasa mkiwa Ligula. Kuwachangisha wazee tena wakiwa Nangurukuru na njaa ni kuvunja klabu.

SWALI: Ndugu Mwandishi, mimi ni mweka hazina wa kikundi cha wastaafu. Tumepata mwenye basi anayetaka alipwe fedha zote wiki tatu kabla ya safari, hataki kuandikiana, na kila nikiuliza kuhusu risiti ananiambia, "Mama, sisi tunaaminiana." Wenzangu wanasema ninachelewesha safari kwa ukali. Nifanye nini?
*Mweka Hazina, Masasi*

JIBU: Mama yangu, endelea kuwa mkali. Fedha hizo zimetoka kwenye pensheni za watu ambao hawatapata mshahara mwingine wa kuzirudisha. Mtu anayewaamini ataona raha kuandika.

Karatasi moja ya mapatano inatosha, yenye namba ya gari lenyewe, tarehe na saa ya kuondoka, mahali pote mtakapofika, nani ananunua dizeli, nani anawalipa madereva posho na malazi, na nini kitafanyika gari likiharibika njiani. Kipengele hicho cha mwisho ndicho kinachosahaulika, na ndicho kitakachowaamulia mkiwa mmekaa chini ya mkorosho saa nane mchana. Kiandikwe wazi kwamba mwenye gari ataleta gari jingine kwa gharama yake, la sivyo atarudisha sehemu ya fedha. Lipeni nusu au pungufu wakati wa kuweka nafasi, sehemu nyingine asubuhi ya kuondoka baada ya kuliona gari, na zinazobaki mkirudi. Malipo yapite benki au kwa simu kwa jina la mwenye gari, ili ushahidi ubaki hata risiti ikipotea.

Basi lililopewa leseni ya njia fulani haliwezi kuwabeba kwenda kwingine kwa makubaliano ya mdomo. Mwulizeni mwenye gari kibali cha safari ya kukodi kutoka LATRA, mamlaka inayosimamia usafiri wa nchi kavu, na mkione kwa macho. Siku mbili kabla ya safari, mchukueni fundi mnayemwamini akaangalie matairi pamoja na la akiba, breki, mikanda ya siti na kifaa cha kuzimia moto. Mkasisitize madereva wawili, na wote wawili walale kitandani. Nimewahi kuona kikundi kinabana shilingi elfu ishirini kwa kumwacha dereva alale ndani ya gari pamoja na mbu, kisha kesho yake kinamshangaa anaposinzia usukani. Sheria inaruhusu basi kilomita 80 kwa saa nje ya miji na 50 penye makazi, na kwa wazee wanaotaka kuona njia, mwendo huo unatosha kabisa.

Jambo dogo ambalo halimo katika mkataba wowote: nunueni kigoda imara cha mbao kiwekwe mlangoni. Ngazi ya kwanza ya Kosta iko juu, na goti la miaka sabini hulikumbuka kila pandisho. Siti za mbele nazo wapewe wenye miguu mibovu. Viongozi wakae nyuma.

SWALI: Mimi ni mzee wa miaka 71, nina kisukari na presha, na moja ya dawa zangu hunipeleka haja ndogo mara kwa mara. Klabu yetu inasafiri kwa basi siku nne na ninaona aibu kuwasimamisha watu kila saa. Nimefikiria nisinywe maji wala ile dawa siku za safari. Je, ni sawa?
*Mzee wa Rahaleo, Lindi*

JIBU: Shikamoo, Mzee wangu. Hapana, si sawa, na ninafurahi umeuliza kabla hujafanya. Kuacha dawa ya presha ghafla na kukaa na kiu katika joto la basi ni mambo mawili ambayo kila moja peke yake linaweza kukulaza hospitali. Nenda kwa daktari wako wiki mbili kabla, umweleze saa za safari, umwulize kama saa ya kumeza dawa hiyo inaweza kusogezwa. Yeye ndiye wa kuamua, na wazee wengi hukuta jambo hilo lina ufumbuzi mwepesi.

Aibu nayo ina dawa yake. Mwombe katibu atangaze tangu mwanzo kwamba basi litasimama kila baada ya saa moja na nusu, mtu akihitaji au asihitaji, ili pasiwe na mmoja anayenyoosha mkono. Kuchimba dawa porini kunawafaa vijana. Kwa wazee, hasa kina mama, vituo vipangwe penye vyoo, kwenye sheli, migahawa au misheni, na mmoja wenu apige simu mapema. Kusimama huko kunasaidia pia miguu isivimbe kwa kukaa sana.

Kama unatumia insulini, ibebe mkononi katika mfuko wenye ubaridi, isigusane na barafu hadi ikaganda, na usiiache ndani ya basi lililofungwa juani mkiwa mnakula. Dawa zote zigawe mara mbili, nusu kwenye mkoba wako na nusu kwa mwenzako wa chumbani, ambaye umweleze dalili za sukari kushuka: jasho jembamba, mikono kutetemeka, maneno kuchanganyika. Abebe pipi au juisi kwa ajili hiyo. Ukikuta ming'oko, ile mizizi ya porini ya kuchemsha, njiani, onja, kwa maana kuzuru kusini bila ming'oko ni kujinyima, ila ihesabu kama ugali, usiile juu ya ugali.

Kwa mtu wa kisukari, ninahofia miguu kuliko kingine chochote. Usitembee pekupeku majini wala ufukweni, kwa sababu chaza na miamba hukata bila mtu kuhisi, na kidonda kikaonekana siku ya tatu. Vaa yeboyebo zilizofungwa nyuma, na kila usiku kagua nyayo kwa tochi. Mkoba wako uwe na kadi ya bima na cheti cha dawa. Kwa taarifa yenu nyote, Kilwa hospitali ya wilaya ni Kinyonga, iliyoko Kivinje. Lindi ni Sokoine. Mtwara ni Ligula. Na kwa wanaopita njia ya Masasi kuna hospitali za misheni Nyangao na Ndanda.

SWALI: Mwandishi, mimi ni mjane. Mume wangu alifariki mwaka jana, na eda nimeimaliza zamani. Alikuwa mwanachama wa klabu ya wastaafu, na wenzake wameniambia nafasi yake katika safari ya Kilwa ni yangu nikitaka. Yeye asili yake ilikuwa Kivinje na kila mwaka aliniahidi kunipeleka, lakini kila mwaka kulikuwa na ada za shule. Sasa mwanangu mkubwa anasema ni kutapanya fedha, na wifi yangu anauliza mjane anakwenda kutafuta nini kwenye basi la wanaume.
*Bibi wa Mikindani*

JIBU: Shikamoo, Bibi, na pole kwa msiba. Eda ni miezi minne na siku kumi, nawe umeitimiza. Baada ya hapo hakuna anayekudai kukaa ndani. Wifi yako mjibu kwa heshima kwamba ndani ya basi hilo wamo wauguzi na walimu wa kike wa umri wako, na kwamba utalala chumba kimoja na mmojawapo. Kisha mwalike aje, kama bado kuna siti. Mara nyingi swali la namna hiyo huulizwa na mtu ambaye angependa kwenda.

Kwa mwanao ningezungumza tofauti, maana huenda ana hofu zaidi kuliko ubahili. Mkabidhi nakala ya ratiba, namba ya simu ya katibu na ya dereva, majina ya nyumba za kulala, na umwahidi simu moja kila jioni baada ya Isha. Mwambie pia, bila kumlaumu, kwamba zile ada za shule zilizoahirisha safari hii zilikuwa zake na za wadogo zake. Akishayasikia hayo mwache anyamaze, usimalizie.

Kabla ya siku, waulize ndugu wa marehemu jina la mtaa na la familia pale Kivinje, uyaandike kwenye karatasi. Katika mji mdogo kama ule, ukimtajia mzee yeyote aliyekaa barazani ukoo wa mtu, atakuelekeza nyumba, na pengine makaburi. Mwombe katibu akupe saa moja ya kwenda huko na mwenzako mmoja wakati wengine wakiangalia mji.

Na kwa kuwa basi litakupitia hapo hapo Mikindani, wahi siti ya dirishani upande wa kulia. Kuanzia ghuba yenu hadi mnapoingia Lindi, kila bahari inapojitokeza, inajitokeza upande huo.